Volontia wa maafa mtaani: daftari lake si la fidia

Vuli au masika ikikaribia, sisi tunaoratibu maafa Dar es Salaam hupokea malalamiko kutoka pande mbili. Wenyeviti wa mitaa wanasema watu wa kujitolea wanafukuzwa milangoni. Wananchi nao wanauliza mbona wameandikwa majina na hawajaambiwa malipo ni lini.

Hakuna malipo. Daftari la volontia linauliza wangapi wanalala humo ndani, nani hawezi kutembea, nani mjamzito, mzee gani anabaki peke yake mchana. Thamani ya nyumba haimo. Najua mkanganyiko ulikoanzia: Mradi wa Bonde la Msimbazi, ule wa kupunguza mafuriko kando ya mto huo, ulikuja na tathmini na fidia, na watu wakazoea kwamba anayebisha hodi na karatasi mkononi ana fedha nyuma yake. Ule una wathamini wake na taratibu zake, na huyu kijana wa mtaani kwenu hahusiki nao. Sasa mtu anaandikisha watoto wa dada yake walioko Tabora ili idadi iongezeke, kisha usiku wa mafuriko waokoaji wanawatafuta watoto ambao hawapo. Hili linatuchosha, nisifiche.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa Na. 6 ya mwaka 2022 imeweka kamati kuanzia ngazi ya taifa hadi kijiji na mtaa. Volontia yuko chini ya kamati ya mtaa, na taarifa yake hupitia kwa mwenyekiti na mtendaji kwenda kata, kisha halmashauri. Haruki ngazi, isipokuwa maisha yakiwa hatarini. Hapo anapiga 114 ya Zimamoto na Uokoaji kwanza, mwenyekiti baadaye. Majina ya daftarini hayarushwi kwenye grupu la WhatsApp, hata kama grupu lenyewe ni la mtaa. Nyumba ya mzee anayelala peke yake si habari ya kutangaza.

Kuhusu tahadhari, volontia anazipeleka, hazitungi. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa angalizo kwa rangi ya njano, tahadhari kwa chungwa, na tahadhari kubwa kwa nyekundu. Anayesambaza mtandaoni taarifa anayojua ni ya uongo, kwa nia ya kupotosha umma, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamsubiri: faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Ile klipu ya mafuriko ya nchi nyingine inayorudi kila mwaka na maneno "Jangwani sasa hivi", yaani bondeni kwetu Msimbazi, wengi wenu mmeshaiona.

Halafu kuna hoja ya "mbona hapa hakujanyesha". Mto Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, huko Kisarawe, na maji ya huko lazima yapite bondeni ndipo yafike baharini. Mvua ikinyesha huko juu, aliye chini anaweza kuyaona maji mlangoni huku jua linawaka. Desemba 2011 mvua za siku chache ziliua watu zaidi ya 40 jijini, na baadhi ya waathirika wakahamishiwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji. Kwa hiyo volontia akipita na filimbi akisema ondokeni, usimwonyeshe mbingu.

Kazi yake kubwa iko wakati wa kiangazi. Anajua mtaro upi umezibwa na pampasi na chupa, na kivuko kipi hakipitiki maji yakifika magotini. Kuanzia 2015, mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi wa vyuo na wakazi kuchora mitaro ya mitaa kama Tandale, na ramani zile zinatusaidia mpaka leo. Akikuta watu wanatapisha choo mvua inaponyesha, anatoa taarifa. Jirani, huo si umbeya. Kipindupindu hakiulizi nani alizibua.

Haingii kwenye maji yanayokwenda kasi kumfuata mtu. Hata kwenye kifusi haingii kiholela. Jengo lilipoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, waliowahi kufika ni wafanyabiashara na wapita njia, na moyo wao hauna mfano. Lakini umati ukiwa juu ya kifusi, sauti ya aliye chini haisikiki, na uzito unaongezeka. Volontia aliyefunzwa hurudisha watu nyuma, huacha njia ya mitambo, na huuliza majina ya waliokuwa dukani saa ile.

Anayetaka kujiandikisha aende ofisi ya serikali ya mtaa wake na kitambulisho. Posho ya mwezi haipo. Mafunzo yakiitwa, nauli hutolewa pale bajeti inaporuhusu, na mara nyingi hairuhusu.