Je, wajua? Kisigino cha Denis Law hakikuishusha daraja Manchester United

Kwa miaka mingi niliamini, na niliwasimulia wengine kwa uhakika usio na shaka, kwamba Manchester United ilishushwa daraja mwaka 1974 na mchezaji wake wa zamani. Kisa chenyewe ni kitamu mno kukihoji. Tarehe 27 Aprili 1974, Denis Law, aliyekuwa ameifungia United mabao 237, alirudi Old Trafford akiwa amevaa jezi ya mahasimu wao, Manchester City. Zikiwa zimesalia dakika chache, akiwa amelipa lango mgongo, aliusukuma mpira wavuni kwa kisigino. Hakushangilia. Alitolewa mara moja, mashabiki wakavamia uwanja, mwamuzi akauvunja mchezo, na baadaye wasimamizi wa ligi wakaamua kwamba matokeo ya 1-0 yabaki kama yalivyo. United, iliyokuwa bingwa wa Ulaya mwaka 1968, ikashuka.

Yote hayo ni kweli. Kosa limo katika maneno mawili ambayo msikilizaji hujiongezea mwenyewe: "kwa hiyo".

Wakati ule ushindi ulikuwa na thamani ya pointi 2, na United iliingia siku hiyo ikiwa na pointi 32 na mechi mbili mkononi. Mfikirie mwanafunzi mwenye alama 32 aliyebakiwa na maswali mawili, kila swali likiwa na alama mbili. Akiyapata yote, anafika 36 na hapo ndipo mwisho wake. Alama ya kufaulu, hata hivyo, haijaandikwa ubaoni. Inapangwa na mwenzake anayefanya mtihani huohuo katika chumba kingine, saa hiyohiyo. Mwenzake huyo, Birmingham City, ana 35 na amebakiwa na swali moja tu. Akilipata, anafika 37, na tangu hapo majibu ya yule wa kwanza, yawe sahihi au yawe na makosa, hayana tena wa kuyasahihisha. Alasiri ile Birmingham iliifunga Norwich City 2-1.

Anayetaka ushahidi wa ziada aitazame Southampton, ambayo siku hiyo iliichapa Everton 3-0 ugenini na kufikisha pointi 36, yaani kiwango cha juu kabisa ambacho United ingeweza kukifikia. Nayo ilishuka.

Ni haki kuongeza kwamba kama Birmingham ingefungwa, hesabu ingekuwa nyingine na kisigino kile kingekuwa na uzito wa kweli. Wala wachezaji waliokuwa uwanjani hawakuwa na namna ya kujua mwamuzi wa Birmingham angepuliza filimbi ya mwisho kukiwa na matokeo gani. Husemwa pia kwamba mashabiki walivamia uwanja ili mechi ifutwe na kurudiwa. Huenda baadhi yao walikuwa na nia hiyo, ingawa nia za maelfu ya watu ni vigumu kuzipima.

Lipo na kosa la pili, dogo zaidi, ambalo nalo niliwahi kulitetea: kwamba United ilikuwa mhanga wa kanuni mpya, kwa kuwa huo ndio msimu ambao timu tatu zilianza kushushwa badala ya mbili. United ilimaliza ya 21 kati ya 22, kwa hiyo kanuni ya zamani nayo ingeichukua pamoja na Norwich. Aliyeumizwa na kanuni mpya ni Southampton, ambaye hakuna anayemkumbuka.

Sababu halisi hazina mvuto wa kisa. Matt Busby alikuwa ameachia ukocha mwaka 1969, Bobby Charlton alistaafu mwaka 1973, George Best aliichezea United kwa mara ya mwisho siku ya Mwaka Mpya wa 1974, na Law mwenyewe alikuwa ameachiliwa aende City bila ada. Timu iliyobaki ilifunga mabao 38 katika mechi 42, na kuna kipindi ambapo mlinda mlango, Alex Stepney, kwa penalti zake mbili, alikuwa miongoni mwa vinara wa mabao wa klabu. Msimu uliofuata United ilitwaa ubingwa wa Daraja la Pili na kurejea.

Kisigino kile kilikuwa mguso wa mwisho wa Law katika ligi, lakini hakikuwa mwisho wake wa kucheza soka. Tarehe 14 Juni 1974, akiwa na umri wa miaka 34, aliichezea Uskoti kwa mara ya mwisho, katika Kombe la Dunia mjini Dortmund, dhidi ya Zaire. Uskoti ilishinda 2-0, haikufungwa mechi hata moja katika mashindano yale, na ikatolewa kwa tofauti ya mabao, kwa kuwa Brazil ilikuwa imeifunga Zaire matatu na Yugoslavia tisa.