Je, dhiki za Wadalit hadithini ni mambo ya kale?

Wasomaji wengi huamini kwamba dhiki za Wadalit, yaani Wahindi waliozaliwa chini kabisa ya mfumo wa matabaka na kuhesabiwa najisi, ni habari za kale, kwa kuwa kifungu cha 17 cha Katiba ya India, iliyoanza kutumika mwaka 1950, kilipiga marufuku ubaguzi huo. Ni kweli kwamba hadithi ya Premchand, mwandishi wa India, ambamo Gangi ananyemelea usiku kisimani kwa kabaila ili amtekee mumewe mgonjwa maji safi, kisha anatimua mbio mlango unapofunguka na kumkuta mumewe akinywa maji yaleyale yanayonuka waliyokuwa nayo nyumbani, ni ya miaka ya 1930.

Hata hivyo, Baburao Bagul, ambaye mwenyewe alikuwa Mdalit, alichapisha mkusanyo wake wa hadithi fupi kwa Kimarathi mwaka 1963. Katika hadithi iliyoupa mkusanyo huo jina, mfanyakazi wa reli anaficha tabaka lake ili apate chumba cha kupanga. Anaheshimiwa hadi siri inapofichuka, ndipo anapigwa. Kwangu mimi hadithi hii inauma kuliko ile ya kisima, kwa sababu mhusika ana ajira na anaishi mjini, mambo ambayo wengi walidhani yangemwokoa.

Marufuku ya Katiba haikutosha hata kwa kazi ya kuzoa kinyesi kwa mikono, ambayo Wadalit ndio walioachiwa: Bunge lilitunga sheria ya kuikomesha mwaka 1993, kisha likalazimika kutunga nyingine mwaka 2013.