"Bombast" halikutoka kwa Paracelsus

Dhana: Neno la Kiingereza "bombast", yaani maneno makubwa ya mbwembwe yenye maana kiduchu, lilitokana na Paracelsus, tabibu aliyefariki mwaka 1541 na ambaye jina lake lilikuwa na "Bombastus" ndani yake.

Ukweli: Alikuwa mtu wa kujisifu kweli, kwa hiyo hadithi hii haifi. Lakini asili ya neno ni pamba. Katika karne ya 16 washonaji walishindilia pamba ndani ya makoti ya wanaume ili vifua vitune, na ujazo huo ndio ulioitwa bombast. Ukilifuata nyuma unapita Kifaransa cha kale, Kilatini na Kigiriki hadi Kiajemi, ambako linakutana na "pamba" yetu hii hii. Mwaka 1592 kijitabu kilichotolewa kwa jina la mwandishi Mwingereza Robert Greene kilikuwa tayari kinalitumia kumkejeli mtunzi chipukizi, anayeaminiwa kuwa Shakespeare, kwa kujiona fundi wa kutunisha mashairi.

Dhana: Kila neno gumu ni bombast.

Ukweli: Hapa ndipo watu wengi wanapoonewa. Daktari anayetaja ugonjwa kwa jina lake la kitaalamu anasema jambo moja mahususi. Ukiliondoa jina hilo, maana inapungua. Sasa soma hii: "Katika muktadha mpana wa mchakato mzima wa utekelezaji wa suala la uboreshaji wa hali ya usafi." Hakuna neno gumu hata moja humo. Ondoa ujazo, na kinachobaki ni "tutafanya usafi", tena bila kuambiwa nani atafanya wala lini. Hiyo ndiyo bombast, na inaniudhi zaidi inapotolewa kwa watu waliouliza swali la kweli.

Dhana: Basi pambo lolote la lugha ni kosa.

Ukweli: Hapana. Mwanafalsafa Mgiriki wa kale Aristotle alimlaumu msemaji Alcidamas kwa sababu maneno ya kupamba aliyorundika hayakuwa kiungo cha chakula bali chakula chenyewe. Kiungo hakukikataa.

Dhana: Angalau msemaji huonekana msomi.

Ukweli: Mwanasaikolojia Daniel Oppenheimer alilipima hilo katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006. Maandishi yaliyojazwa maneno marefu bila sababu yaliwafanya wasomaji wamwone mwandishi kuwa na akili pungufu.