Nimemsamehe, lakini mpunga wangu? Dhana potofu na ukweli kuhusu kisasi na msamaha

Kwenye vikao vya usuluhishi vya vijiji vya Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, kuanzia Usangu hadi Mufindi, malalamiko ni yaleyale, yanabadilika majina tu: ng'ombe wameingia kwenye mpunga, mpaka umesogezwa usiku, moto wa kuandalia shamba umevuka na kuteketeza misonobari ya jirani, mtu kaondoka na fedha za kikoba na simu haipatikani. Ushauri nao ni wa aina mbili. Wapo wanaosema samehe, yaishe. Wapo wanaosema muonyeshe cha mtema kuni. Wote wawili wakimaliza chai yao wanarudi makwao, na aliyeumizwa anabaki anapakana na mtu yuleyule msimu hadi msimu.

"Ukishasamehe, huna haki ya kudai"

Dhana hii ndiyo inayowaumiza watu wengi, hasa wapole. Kusamehe aliyekukosea ni kuacha nia ya kumuumiza. Kudai fidia ni kutaka alichokiharibu kirudi. Mtu anaweza kusema "sina kinyongo na wewe" na papo hapo akauliza gunia lake litalipwa lini, wala hajajipinga.

Tuseme uko Mbarali na ng'ombe wameingia shambani usiku. Asubuhi hiyohiyo, kabla maji hayajafuta nyayo, mwite mwenyekiti wa kitongoji pamoja na mwenye mifugo au mchungaji wake, waone kwa macho yao. Piga picha zinazoonyesha shamba lenyewe na mipaka yake, maana picha ya mashina yaliyolala haisemi ni ya shamba la nani. Kisha mwombe bwana shamba apime. Hesabu yake haina siri: urefu mara upana wa eneo lililokanyagwa. Likiwa mita 20 kwa 15, hizo ni mita za mraba 300. Ekari ina mita za mraba 4,047 hivi, kwa hiyo kilichoguswa ni asilimia saba na kitu. Kama shamba hilo kwa kawaida hutoa gunia 20 kwa ekari, hasara ni gunia moja na nusu. Mpunga mchanga unaoendelea kutoa machipukizi unaweza kuinuka tena, kwa hiyo upimwe upya baada ya wiki mbili kabla ya kufunga hesabu. Uliokwisha kubeba masuke hauinuki.

Anayefika kikaoni na namba hizo humalizana mapema. Anayefika na "shamba lote limekwisha" humkuta mwenzake naye akiapa kwamba hata jani halijaguswa, na kuanzia hapo kikao kinahama kwenye mpunga na kuwa cha kutafuta nani mwongo.

Mkikubaliana, andikeni. Karatasi iwe na majina kamili ya pande mbili, tarehe ya tukio, kilichoharibika na kiasi chake, fidia kwa tarakimu na kwa maneno, tarehe ya kila awamu ya malipo, na kitakachofuata awamu ikirukwa. Shahidi mmoja au wawili kila upande, sahihi au dole gumba, mhuri wa ofisi ya kijiji, na nakala kwa kila mtu. Kosa linalojirudia kuliko yote ni kuandika "sina madai tena" siku ya kwanza, wakati hata shilingi haijalipwa. Sentensi hiyo huwekwa chini ya malipo ya mwisho. Na kikao kisifanyike kilabuni. Makubaliano yaliyosainiwa baada ya lita ya tatu ya ulanzi hayafiki asubuhi.

"Dawa ya moto ni moto"

Mufindi na Njombe methali hii inachukuliwa neno kwa neno. Kiangazi jirani anachoma majani bila kukata njia ya moto, upepo unageuka, miti ya mwenzake inateketea. Baada ya wiki mbili moto mwingine unawaka upande wa pili, na kila mtu kijijini anajua umetoka wapi.

Swali la kwanza ni kama yule wa kwanza alikusudia au alizembea. Mzembe anadaiwa fidia na anaweza kuwajibishwa kwa kuwasha moto ovyo. Wewe unayekwenda na kiberiti usiku umekusudia, na Kanuni ya Adhabu inampa anayechoma miti au mazao yaliyopandwa kifungo cha hadi miaka 14. Ukichoma nyumba, ni hadi kifungo cha maisha. Yaani umetoka kwenye kiti cha mlalamikaji mwenye kesi nzuri ukakaa kwenye cha mshtakiwa, na miti yako haijarudi hata mmoja.

Kinachorudisha kitu ni hesabu. Usikate magogo yaliyoungua kabla hayajahesabiwa mbele ya kiongozi wa kijiji. Miti iliyopandwa mita 3 kwa 3 huwa kama 450 kwa ekari. Tenganisha iliyokufa na ile iliyobabuka gome tu, andika umri wake. Mikubwa iliyoungua bado inaweza kupasuliwa mbao ikivunwa haraka kabla ya ukungu na wadudu, na thamani ya mbao hizo hupunguzwa kwenye dai. Punguza mwenyewe kabla hujaambiwa, maana hapo ndipo watu huanza kukuamini.

Anayedhani kisasi humaliza jambo aende Kalenga, Iringa. Tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe wa chifu Mkwawa waliliangamiza jeshi la Wajerumani la Zelewski pale Lugalo. Wajerumani wakalipiza mwishoni mwa Oktoba 1894 kwa kuivunja ngome ya Kalenga. Haikuisha: Mkwawa aliponyoka, vita vya msituni vikaendelea hadi alipojiua Julai 1898. Fuvu likapelekwa Ujerumani, likadaiwa hadi ndani ya Mkataba wa Versailles wa 1919 uliofunga Vita Kuu ya Kwanza, likarudi Kalenga mwaka 1954. Kutoka Lugalo hadi hapo ni miaka 63.

"Ukilipiza, moyo unapoa"

Mwaka 2008 wanasaikolojia wa Marekani, Carlsmith, Wilson na Gilbert, walichapisha majaribio ya mchezo wa fedha ambamo mshiriki mmoja aliwasaliti wenzake. Waliopewa nafasi ya kumwadhibu walitarajia kujisikia vizuri. Walijisikia vibaya kuliko wale ambao hawakupewa nafasi hiyo, na waliendelea kumfikiria msaliti kwa muda mrefu zaidi. Bushman naye mwaka 2002 alionyesha kwamba waliopiga gunia la mazoezi huku wakimuwaza aliyewaudhi walizidi kukasirika. Waliokaa kimya tu walikuwa na nafuu. Kwa hiyo yule rafiki anayekuambia "toa hasira zako" hakusaidii, hata kama anakupenda.

"Nilikuwa na hasira, mahakama itaelewa"

Mahakama inaelewa kidogo sana, na kwa dakika chache sana. Utetezi wa kughadhibishwa unaweza kugeuza kuua kwa kukusudia kuwa kuua bila kukusudia pale tu tendo limefanyika palepale, damu ikiwa bado inachemka. Ukienda nyumbani, ukala, ukanoa panga na kurudi, hasira hiyo kisheria imekwisha poa. Mpaka wa kujitetea na kulipiza nao uko hapohapo: anayekushambulia akishakimbia, pigo unalompa mgongoni si la kujitetea tena. Kumjeruhi mtu vibaya kunafikia kifungo cha miaka 7.

Ukipigwa, kisasi chenye maana ni kufika kituo cha polisi, kupata namba ya RB (ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi) na fomu ya PF3 (ya polisi ya kupelekea hospitali), kisha hospitali. Kama hali ni mbaya, hospitali kwanza. Majeraha yaandikwe mapema, kwa sababu uvimbe unapungua siku hadi siku na daktari anaandika anachokiona.

"Anayesamehe ni mnyonge, watamkanyaga"

Hapa kuna ukweli ndani ya uongo. Mwaka 1980 Robert Axelrod alishindanisha programu za kompyuta katika mchezo unaorudiwarudiwa wa kusaidiana au kusalitiana. Iliyoshinda ilikuwa fupi kuliko zote, ya Anatol Rapoport: inaanza kwa wema, ikisalitiwa inajibu mara moja, mwenzake akirudi kwenye wema nayo inarudi palepale. Baadaye, mwaka 1992, Nowak na Sigmund walionyesha kwamba pale watu wanapokosea kwa bahati mbaya, hushinda mkakati unaosamehe usaliti mmoja kati ya mitatu hivi. Unaojibu kila kosa bila kukosa hunasa kwenye visasi vilivyoanzishwa na ajali.

Lakini msamaha usio na gharama yoyote kwa mkosaji nao una madhara. Mwaka 2011 James McNulty aliwafuatilia wanandoa wapya kwa miaka minne: kwa wale waliokuwa wepesi wa kusamehe, matusi na vipigo kutoka kwa wenzao viliendelea; kwa wasio wepesi, vilipungua. Rudi sasa Mbarali. Ng'ombe waliotoka mara moja kwa sababu zizi lilivunjika, samehe, hata gunia ukitaka. Ng'ombe wanaotoka kila wiki hawajapotea. Kuna mtu kapiga hesabu akaona mpunga wako ni wa bure.

Wanaokariri "saba mara sabini" wasome sura nzima. Mathayo 18, kabla ya kufika hapo, inatoa utaratibu: mwendee peke yake, akikataa chukua mmoja au wawili, akikataa liambie kanisa. Hatua ya kwanza ndiyo inayorukwa. Mtu anaanzia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na mkosaji ambaye angekiri wawili tu wakiwa barazani sasa anatetea heshima yake mbele ya watu 80.

"Ukisamehe lazima mrudi kama zamani"

Hapana. Salamu ya "kamwene" njiani unadaiwa. Mkopo wa pili hudaiwi. Unaweza kumsamehe aliyekimbia na fedha za kikoba na bado ukakataa kabisa awe mtunza hazina. Kuaminiana kunajengwa upya na mkosaji kwa vitendo, awamu moja ya malipo baada ya nyingine.

"Namwachia Mungu"

Wengi wanaosema hivi hawajasamehe. Wameomba kisasi kwa mkono mwingine na sasa wanahesabu misiba ya jirani.

"Kwa mganga hakuna ushahidi"

Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini hili halina utani. Mtu ameibiwa au ameuguliwa, anakwenda kupiga ramli, anarudi na jina la bibi kizee wa nyumba ya tatu. Sheria ya Uchawi, iliyopo tangu 1928, inafanya kumtaja mtu kuwa mchawi kuwa kosa, sawa na kujifanya una uwezo huo. Anayelitamka jina hilo kilabuni hajui ni nani anasikia na atafanya nini nalo usiku. Ukimhisi mtu kwa wizi, taja wizi, siku na kitu kilichopotea.

"Kila jambo linamalizika kifamilia"

Makosa madogo, ndiyo. Kwa shambulio la kawaida sheria inairuhusu hata mahakama kuhimiza mapatano na fidia. Ubakaji na ulawiti haumo humo: kesi ni ya Jamhuri, na mzazi wa mtoto hana mamlaka ya kuisamehe kwa ng'ombe wawili na blanketi. Kwa ubakaji adhabu huanzia miaka 30. Wazee wanaoketi kupatanisha kesi hiyo wanapoteza ushahidi, na siku zinakwenda. Apelekwe hospitali haraka, asiogeshwe, nguo alizovaa zihifadhiwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki, kwa sababu unyevu huharibu vielelezo. Taarifa iende Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Simu ya kusaidia watoto ni 116, haina malipo.

"Muda utaponya"

Muda unaponya hasira na unaua madai. Kudai ardhi mwisho ni miaka 12, mkataba au mkopo miaka 6, na madhara kama uharibifu wa mali au kuchafuliwa jina miaka 3. Jirani anayesogeza tuta hatua moja kila masika anaijua kalenda hiyo kuliko wewe.

Kwa mpaka, anza na Baraza la Ardhi la Kijiji: wajumbe 7, wanawake wasiopungua 3, kazi yao ni kupatanisha na hawalazimishi. Kisha Baraza la Kata, ambalo tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 nalo linasuluhisha tu, halitoi hukumu ya ardhi. Likishindwa, liombe cheti cha kushindwa kusuluhisha. Siku 30 zikipita bila suluhu, unaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya hata bila cheti. Beba mashahidi wa mpaka wakiwa hai. Mzee aliyewaona wazazi wenu wakipanda mti wa mpaka hasubiri miaka 12.