Rufaa ya mahakamani na rufaa ya hospitalini

Nje ya mahakama moja ya wilaya, shangazi aliyepakata bahasha ya kaki alikuwa akimshauri binti wa kaka yake, ambaye shauri lake la talaka lilikuwa bado halijafika hata nusu ya mashahidi: "Mwanangu, hakimu ameikataa hati yako ya kiwanja, kata rufaa faili lipande juu." Si mara ya kwanza kusikia hayo.

Rufaa ni kuiomba mahakama ya juu ipime uamuzi uliokwisha kutolewa na mahakama ya chini. Neno limetokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuinua, na nadhani mkanganyiko unaanzia hapo, kwa kuwa hospitalini nako hutumika neno hilohilo: mgonjwa aliyekishinda kituo cha afya huandikiwa rufaa, akapandishwa na dripu yake mkononi, matibabu yakiwa katikati. Watu wakishazoea rufaa hiyo, hudhani shauri nalo hupandishwa likiwa katikati.

Kwa Tanzania Bara, tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2002, uamuzi mdogo unaotolewa shauri likiendelea haukatiwi rufaa, isipokuwa kama unalimaliza shauri lenyewe. Tuseme mume anapinga kwamba mahakama haina mamlaka ya kusikiliza madai ya talaka. Hakimu akilitupa pingamizi hilo, shauri linaendelea na mume hana rufaa kwa wakati huo. Akilikubali, shauri limeishia hapo, na mke anaweza kwenda Mahakama Kuu. Pingamizi ni lilelile, ila haki ya rufaa inategemea limeamuliwaje.

Wapo wanaodhani maombi ya marejeo, ambayo magazeti mengine huyaita mapitio, ni mlango wa uani. Ni kweli kwamba Mahakama Kuu inaweza kuliitisha jalada na kulikagua, lakini marekebisho yaleyale yaliufunga mlango huo pia kwa maamuzi madogo.

Hati iliyokataliwa haijapotea, kwani kukataliwa kwake kunaweza kuwa sababu mojawapo ya rufaa dhidi ya hukumu. Kwa heshima zote, shangazi angemwambia binti aandike tarehe na sababu alizozitoa hakimu, azitunze kwenye ileile bahasha ya kaki, kisha hukumu ikishatoka ndipo azihesabu siku 45 ambazo Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa.