Meli haikutupi, ni kile kiti: uongo wa balkoni za kruzi ambao nimechoka kuusikia

Juzi tena. Mama mmoja kutoka Likoni, hapa Mombasa, kaja kumuandikisha kijana wake kozi ya usalama wa baharini, kijana kapata nafasi ya kusafisha makebini kwenye kruzi, zile meli kubwa za watalii, na kabla hata hajaketi vizuri mama akaniuliza, "Mwalimu, mwanangu atakuwa huko juu anafagia hizo balkoni, meli ikilala upande si itamtupa?"

Nikamjibu kwa heshima manake ni mzazi na uchungu wa mwana anaujua yeye. Lakini swali hilo nalisikia kwenye feri, nalisikia barazani, nalisikia darasani kila muhula, na kila video ya mtu kuanguka ikizunguka kwenye WhatsApp najua nitaamka na meseji ishirini: meli iliyumba, upepo ulimbeba, wimbi lilimzoa. Jamani, hapana.

Reli ya balkoni ya kruzi, yaani ule ukingo wa kuzuia watu, haiwekwi kwa kukisia. Sheria ya Marekani ya 2010 inataka isipungue inchi 42, yaani kama sentimita 107, kwa meli za abiria 250 kwenda juu zinazotumia bandari zao, na kabla ya hapo sheria za kimataifa zilishataka mita 1. Sasa simama wima ujipime. Mtu wa sentimita 175 uzito wa mwili wake umekaa karibu na kitovu, kama sentimita 97 hivi kutoka chini. Reli iko juu ya hapo. Maadam nyayo ziko sakafuni na reli iko juu ya ule uzito, ukisukumwa na upepo utagonga reli na tumbo na utarudi nyuma. Tena hizi meli kubwa zina mapezi ya chini ya maji yanayotulizia mtikisiko, na hali ya hewa ikiharibika sana kepteni anatangaza na deki za nje zinafungwa. Bahari ikichafuka watu wanaanguka kweli, sikatai, lakini wanaanguka ndani: ngazini, bafuni, wanavunjika viwiko na nyonga.

Haya, sasa ntakuonyesha kinachoua. Darasani kwangu nimefunga bomba kutoka ukuta hadi ukuta, sentimita 107 kamili kutoka sakafuni, nimelipima mwenyewe. Namuita kijana mrefu kuliko wote, namwambia egemea, sukumana nalo, fanya utakavyo. Haendi popote. Halafu naleta kiti cha plastiki, kile cheupe cha hotelini ambacho kila mtu anakijua, kimo cha kukalia ni sentimita 45, namwambia panda. Akipanda lile bomba linamfika juu kidogo tu ya goti. Darasa zima linanyamaza. Ule uzito wa kitovuni sasa uko sentimita 142, umeipita reli kwa zaidi ya futi moja, na nikimgusa bega kwa vidole viwili tu (nimeshika mkanda wake na mkono wa pili, siwezi kumuachia) anapinduka kuelekea upande wa pili. Hakuna wimbi hapo wala hakuna upepo.

Ndio maana nakasirika mtu akiniambia "meli ilimtupa". Ukishaamini meli ndio inatupa watu unakaa ukiogopa mawimbi, na kiti unakiacha kimegusa reli na mtoto anacheza hapo. Watu wanapita juu ya reli kwa sababu wamejiinua ama wameinuliwa: kupanda kiti ama meza kupiga selfi, kukaa juu ya reli na glasi mkononi, kuinama sana kutapika ukiwa umelewa, kuruka kwenda balkoni ya jirani kwa sababu umejifungia nje, kumbeba mtoto aone bahari. Pombe imo kwenye nyingi ya hizo. Na mtoto mdogo kichwa chake ni kizito kulingana na mwili, akiinama kichwa ndicho kinatangulia.

Kwa hivo mimi nina amri yangu moja na naisema mpaka wanafunzi wanaimaliza kabla yangu: ukiingia kebini, kabla hujafungua sanduku, toka balkoni uvute viti na meza vyote hadi ukuta wa mlango. Kama una mtoto vilaze ama viingize ndani kabisa, na mlango wa balkoni ufungwe komeo la juu. Na wewe unayesafisha, ukikuta mgeni amekisogeza kiti relini, kirudishe kila siku hata kama atakisogeza tena kila siku. Hata nyumbani, hizi fleti za Nyali na Tudor, mkae mkijua reli zinaweza kuwa fupi kuliko za meli na watu wanapanga madumu na vyungu vya maua papo hapo kama ngazi.

Halafu wako wanaosema meli ikiwa gatini hakuna shida. Julai 2019 meli ilikuwa imefungwa kamba San Juan, Puerto Rico, mtoto wa mwaka mmoja na nusu akainuliwa kwenye dirisha lililokuwa wazi, akaanguka kutoka deki ya 11. Tena gatini chini ni saruji.

"Mimi mtoto wa Pwani, naruka majini tangu niko darasa la pili." Hii ni ya vijana wetu na inaniuma kwa sababu kuogelea kweli wanajua. Lakini gati uliloruka lina mita ngapi? Kutoka mita 30 unafika majini kwa sekunde mbili na nusu, mwendo wa karibu kilomita 87 kwa saa, na maji kwa mwendo huo hayakupokei kama unavyodhani. Ukibaki na fahamu, meli inayokwenda noti 20 (kama kilomita 37 kwa saa) inakuacha mita 600 na zaidi kila dakika, usiku, na hakuna aliyekuona. Hesabu iliyofanywa kwa ajili ya chama cha makampuni ya kruzi inasema kati ya 2009 na 2019 walianguka watu 212, abiria na wafanyakazi, wakaokolewa 48. Yule wa 2022 aliyeelea zaidi ya saa 15 Ghuba ya Meksiko akatolewa hai kila mtu ananitajia. Ni mmoja huyo.

Breki? Meli haina breki, inazungushwa kwa mahesabu hadi irudi kwenye njia yake yenyewe, na hilo linachukua muda. Kamera? Nyingi zinarekodi tu, haziiti mtu, unatazamwa ukishakosekana. Kutupa kichungi cha sigara kutoka balkoni? Upepo unakirudisha balkoni ya chini, na Star Princess iliungua Machi 2006 karibu na Jamaica kwa moto ulioanzia balkoni, mtu mmoja akafa, na sigara ndio iliyoshukiwa.

Ukiona mtu ameanguka: piga kelele, tupa boya na chochote kinachoelea, halafu mnyooshee kidole na usimtoe machoni hata sekunde, mwingine ndio akimbie kuita. Wanafunzi wanaona hilo la kidole ni la kitoto. Kwa hivo huwa nawachukua kwa boti nje kidogo ya mlango wa Kilindini na nazi nzima na makumbi yake, ukubwa wake ni sawa na kichwa cha mtu. Naitupa, nawaambia wote wanyooshe kidole. Mara ya mwisho bahari ilikuwa shwari kabisa, mchana kweupe, watu tisa ndani ya boti. Simu ya mmoja ikalia, wote wakageuka kumtazama. Tulizunguka pale karibu nusu saa na ile nazi hatukuiona tena.