Jasho Langu ni la Nani? Ushairi, Maigizo na Haki ya Mjane Kijijini

Nimelima na mwenzangu, kwa jua la utosini,
Amekufa mume wangu, shemeji yu mlangoni,
Asema shamba si langu, nirudi kwetu nyumbani,
Nauliza walimwengu, jasho langu ni la nani?

Ubeti huu ulitungwa chini ya mwembe, katika kijiji kimoja mkoani Tanga, na wanawake sita wa kikundi cha kuweka na kukopa. Uliwachukua asubuhi nzima. Mstari wa tatu uliwakwamisha: mmoja alitaka iwe "wasema", mashemeji wote kwa pamoja. Mwenzake akakataa. Shemeji anayebisha hodi, alisema, kwanza huja peke yake, kwa sauti ya upole, na daftari la madeni ya marehemu mkononi. Wakabaki na "asema". Mimi ni mkufunzi wa sanaa katika kituo cha msaada wa kisheria, na pale nilielewa kwamba wale mama walikuwa wanapanga ushahidi kabla ya kupanga vina.

Alasiri waliughani mbele ya watu, mwenyekiti wa kijiji akiwa safu ya mbele. Walipofika kwenye swali wakanyamaza, wakangoja. Mzee mmoja akasimama akajibu kwamba shamba ni la ukoo, na mjane akiolewa tena litakwenda kwa watu baki. Sauti ikatoka nyuma, ya mama aliyekuwa amembeba mjukuu: "Na watoto niliozaa ni wa ukoo gani?"

Mama yule hazungumzi kwenye mkutano wa kijiji. Pale, mwanamke akisimama huulizwa kwanza ni mke wa nani. Lakini majibizano ya ushairi yana sheria yake, na watu wetu wanaijua tangu utotoni: ukiulizwa kwa ubeti, unaujibu ubeti, humkamati mtunzi. Swali linakuwa la wote, na aliyeliuliza anarudi kukaa salama mahali pake. Hii ndiyo sababu natetea sanaa hii mbele ya wanaodhani ni burudani ya kufungulia semina.

Baada ya swali kuulizwa ndipo mwanasheria ana la kusema, na lazima aseme ukweli wote. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kifungu cha 20, inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki, kukalia au kutumia ardhi. Baraza la Ardhi la Kijiji, ambalo kazi yake ni kusuluhisha, lina wajumbe 7, na wasiopungua 3 lazima wawe wanawake. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Mwaka 1990 Mahakama Kuu ikaamua, katika shauri la Holaria Pastory wa Kagera, kwamba mwanamke wa Kihaya ana haki sawa na mwanamume ya kuuza shamba la ukoo alilorithi.

Lakini zipo pia kanuni za sheria za mila zilizotangazwa mwaka 1963, ambazo katika urithi zinamweka mjane nyuma ya ndugu wa mumewe. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba kanuni hizo zinabagua, lakini haikuzifuta. Wajane wawili wakaipeleka hoja yao hadi kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, na mwaka 2015 kamati ikaona haki zao zimevunjwa. Ukimwambia mama kijijini kwamba sheria yote iko upande wake, kisha akafika barazani akasomewa kanuni za 1963, hatakuamini tena.

Ushairi wenyewe nao si mtakatifu. Mwana Kupona, kwenye utendi wake wa mwaka 1858, alimwusia binti yake namna ya kumridhisha mume, na beti hizo zimewafunda mabinti wa pwani kwa vizazi. Miaka ya 1920 huko Unguja, Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, aliimba juu ya Kijiti, mwanamume aliyemuua mwanamke mgeni akatorokea bara, huku wanawake waliokuwa na marehemu wakihukumiwa. Mama mmoja alitumia utungo kufundisha utii, mwingine akatumia wimbo kuwataka watu waitazame dhuluma. Kinachotofautisha ni nani anatunga na kwa ajili ya nani.

Kwa hiyo naiogopa ile ngonjera ambayo mjinga anabishana na mwerevu na jibu limeshaandikwa ofisini. Watu hupiga makofi, hupiga picha, huenda nyumbani. Penina Mlama na Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walionyesha njia nyingine walipoanzisha mradi wa Tuseme mwaka 1996: wasichana wa sekondari wenyewe ndio huchambua kinachowakwamisha, wakatunga, wakaigiza, kisha wakajadiliana na walimu na wazazi. Onyesho linakuwa katikati ya kazi.

Kuna jambo moja sikubali kabisa. Asiletwe mwanamke aliyepigwa au kubakwa kusimulia yake jukwaani, hata akijitolea. Wahusika watungwe, majina yabadilishwe, na pembeni akae msaidizi wa kisheria na, ikiwezekana, askari wa dawati la jinsia na watoto, kwa sababu baada ya igizo daima yuko mtu anayebaki nyuma akijifanya anakunja mkeka.

Siku ile Tanga, baada ya shairi lilifuata igizo fupi. Shemeji anaingia, anatoa karatasi, anamtaka mjane atie dole gumba. Hapo mraghbishi, yaani mwongozaji wa majadiliano na hadhira, akasimamisha mchezo, akaiuliza hadhira: ungekuwa wewe? Mama wa kwanza aliyepanda alifoka. Mwigizaji wa shemeji akacheka, akasema marehemu alimdekeza. Wa pili akamjibu kwa utulivu, "Iache hapa, nitaisoma na balozi wa nyumba kumi," na shemeji akaanza kuikunja haraka. Wa tatu hakusema neno. Alimpita shemeji mlangoni, akateremka hadi kwenye mikeka, akamshika mkono jirani yake, kisha mwingine, akarudi nao. Mwenyekiti wa kijiji akaomba irudiwe tangu pale karatasi inapotoka.